Likasi inaanzia Kapolowe



Muulize mwana Likasi yeyote: "Kapolowe njo nini?" Jibu litakuja haraka: samaki. Mwingine ataongeza misheni na gare, halafu basi. Kwetu sisi wa mjini, Kapolowe ni pahali pa kupita ukitoka Lubumbashi, pahali pa kununua samaki mbele ya kufika nyumbani. Na katika kazi zetu za mwisho wa masomo tunaandika kila mwaka sentensi ileile: "Likasi ni mji wa madini." Haina uongo. Lakini ni nusu ya habari.

Leo nataka kuandika ile nusu ingine. Kartie zetu, yaani Panda, Shituru, Kikula na mji wa katikati, zilipata sura yao kwa nguvu ya mawe na kwa nguvu ya maji. Mawe tunayajua. Maji ni ya mto Lufira, na pahali ambapo Lufira ilibadilishwa kuwa nguvu ya viwanda ni upande wa Kapolowe, kilometa 25 hivi mashariki ya Likasi kama ndege anavyoruka. Mtu anayesema Kapolowe iko pembeni ya Likasi hajajiuliza taa yake inatoka wapi.

Mbele ya Wazungu

Inchi ya Lufira ni ya Basanga, na jirani zao ni Balamba. Watu hawa hawakungoja kampuni yoyote kuwaonyesha shaba. Waliyeyusha wenyewe, wakatengeneza ile misalaba ya shaba ambayo ilitembea mbali kama pesa, na ambayo baadaye iliwekwa juu ya bendera ya Katanga. Kazi ya kuyeyusha iliheshimiwa sana, ilikuwa na mabwana wake na desturi zake. Mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne, mkubwa wa Wabenediktini wa Katanga, aliandika habari za mafundi hao akawaita "wakula shaba". Pembeni ya shaba kulikuwa na chumvi ya Mwashya, ambayo iliwaleta wafanyabiashara kutoka mbali. Kwa hiyo bonde la Lufira lilikuwa na soko, ufundi na njia za biashara wakati Likasi ilikuwa bado kilima chenye majani.

Halafu akaja Msiri, mfalme wa Bayeke, akakaa Bunkeya, kaskazini ya kwetu. Alitawala kwa nguvu, akachukua shaba, chumvi na pembe. Mwaka 1891 Basanga walimwasi. Tarehe 20 Desemba mwaka uleule Msiri aliuawa na watu wa safari ya Stairs, waliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold. Wiki chache baadaye ikafika Bunkeya safari ingine ya Wabelgiji, ya Lucien Bia na Émile Francqui. Ndani yake alikuwemo mtaalamu wa mawe, Jules Cornet, aliyeandika habari za shaba ya Katanga.

Muweke haya majina matatu akilini: Bia, Francqui, Cornet. Bia alikufa katika safari ileile, mwaka 1892. Lakini miaka arobaini hivi baadaye majina yao yote matatu yatarudi Lufira, yakiwa yameandikwa juu ya maji yetu.

Reli, kisha maji

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, Kambove mwaka 1913, Bukama mwaka 1918. Njo kwa ajili ya reli tunayo mpaka leo Kapolowe mbili: Kapolowe Gare, ya treni na biashara, na Kapolowe Misheni, ya Wabenediktini, ya kanisa, shule na hospitali. Ukimwambia dereva "nishushe Kapolowe" bila kusema ipi, anaweza kukuacha mbali na pale ulipotaka.

Wakati huo Likasi ilikuwa mgodi na kambi, na Panda ilikuwa pahali pa viwanda. Shida ya kampuni ilikuwa hii: yako mawe ambayo hayafai kuyeyushwa tu kwa moto. Inafaa kuyaosha kwa asidi, shaba iingie katika maji, halafu kuitoa shaba katika yale maji kwa nguvu ya umeme. Kazi hii inakula umeme mwingi sana, mchana na usiku. Kiwanda cha namna hiyo kilijengwa Shituru mwaka 1929. Lakini kiwanda bila umeme ni ukuta tu.

Kwa hiyo kampuni ya Sogefor, iliyoanzishwa mwaka 1925, ikaenda kwenye maporomoko ya Mwadingusha, ambayo Wazungu waliyaita maporomoko ya Cornet. Wakafunga mto. Mwaka 1930 mitambo ikaanza kutoa umeme, na ile nyumba ya mitambo ikapewa jina la Francqui. Nyuma ya ukuta maji yakarudi, yakapanda, yakalala juu ya uwanda wa Lufira. Hivyo njo kulitokea ziwa la Tshangalele, ambalo maji yakijaa linapita kilometa za mraba 300. Chini kidogo ya Mwadingusha, pale Koni, ukajengwa mtambo mwingine ulioanza kazi kama mwaka 1950, nao ukaitwa Bia. Njo hivyo wale watatu wa Bunkeya walirudi wote.

Hapa tusimame kidogo. Watoto wengi wa Likasi wanafikiri Tshangalele ni ziwa la asili, kama Tanganyika au Moero. Hapana. Ziwa lile ni kazi ya mikono ya watu, lilitengenezwa ili Shituru ifanye kazi. Uwanda uliofunikwa ulikuwa inchi ya watu. Samaki tunaokula na bukari, wale tilapia na kambale wanaoletwa sokoni wabichi au wa moshi, wanatoka katika maji yaliyozuiliwa kwa ajili ya kiwanda. Basi hata sahani yetu ina historia ya kartie zetu ndani yake.

Kila kartie na kazi yake

Mwaka 1931 mji ulipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, injinia aliyekuwa kiongozi wa Société Générale kule Ubelgiji, na ambaye kabla ya hapo alijenga reli ya Beijing mpaka Hankou kule China. Mwaka 1943 ukapata cheo cha mji. Ukiangalia namna ulivyogawanywa, utaona kila kartie ilipewa kazi, na kila mtu alipewa kartie.

Mji wa katikati ulikuwa wa Wazungu: njia pana, miti, nyumba zenye bustani. Kule njo liliwekwa jumba la kuonyesha mawe la Union Minière, likapewa majina ya wakubwa wawili wa kampuni, Sengier na Cousin. Ni vizuri kujua kwamba mji wetu una jiwe lake katika vitabu vya sayansi duniani pote: liko jiwe la buluu linaloitwa likasite, lililoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1955, kwa jina la mgodi wa Likasi. Kasolite nalo limepata jina lake kutoka Kasolo, kule Shinkolobwe. Na Shinkolobwe, magharibi ya mji, njo ilitoa sehemu kubwa ya uranium ya bomu la Hiroshima. Huyo Edgar Sengier wa jumba la mawe njo aliyekuwa mkubwa wa Union Minière wakati madini yale yaliuzwa kwa Wamarekani.

Panda na Shituru zilikuwa kambi za wafanyakazi, pembeni ya viwanda. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 Union Minière ilibadilisha siasa yake. Mbele ya pale iliwachukua wanaume peke yao, kwa muda mfupi, na wengi walikufa au walikimbia. Sasa ikataka mfanyakazi akae: kandarasi ya miaka mitatu, bibi yake aje, watoto wazaliwe kambini, wasome shule ya misheni, familia ipate posho. Wabenediktini walipewa kazi ya kufundisha katika kambi. Muone sasa kamba inayofunga Kapolowe na Panda: mapadri wa shirika moja huku na kule, umeme kutoka Lufira, na samaki kutoka ziwa lile.

Lakini kambi haikuwa paradiso. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, bei zilipanda na mishahara ikabaki pale. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma, na viwanda vya Jadotville viliingia katika mgomo ule. Tarehe 9 Desemba askari walipiga risasi wagomaji kule Élisabethville, na Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa ajili ya wenzake, aliuawa. Tunapita Panda na Shituru kila siku, lakini ni wangapi kati yetu tunajua kwamba wankambo wetu waligoma pale?

Kikula ni habari ingine. Ilikuwa cité, pahali pa wale wasiokuwa chini ya kampuni moja kwa moja: mafundi, wafanyabiashara, wafanyakazi wa mji. Kwa hiyo Kikula iliwachanganya watu kuliko kambi. Kiswahili chetu hiki, chenye maneno ya Kiluba, Kibemba, Kisanga na Kifaransa ndani yake, kilikomaa katika mchanganyiko kama ule. Uwanja wa mpira wa Kikula ungali unaitwa hivyo, na timu ya US Panda inabeba jina la kartie yake. Ukisikia washabiki wanabishana, unasikia ramani ya zamani ya mji.

Siwezi kuandika habari za Kikula na kambi bila kutaja mwaka 1992. Watu wa asili ya Kasai waliletwa Katanga tangu wakati wa ukoloni, kwa kazi ya reli na migodi. Watoto na wajukuu wao walizaliwa hapa. Mwaka 1992 na 1993 siasa iliwageuza kuwa wageni, na maelfu walifukuzwa katika nyumba zao. Wengi walilala muda mrefu pa gare ya Likasi na katika mashule, wakingoja treni. Wako waliokufa palepale, wako waliokufa njiani. Liko jambo ambalo katika familia nyingi halisemwi mezani: katika kartie fulani nyumba zilibadilisha wenyewe bila kuuzwa. Siandiki hivi kwa kufungua vidonda. Ninaandika kwa sababu msomi anayeandika historia ya kartie yake na kuruka mwaka huo anaandika hadithi ya kufurahisha tu.

Daraja la Lufira

Wako vijana wanaoijua Jadotville kupitia filamu ya mwaka 2016, ile ya waaskari wa Ireland. Habari yenyewe ni ya kweli. Katanga ilikuwa imejitenga chini ya Moïse Tshombe tangu Julai 1960. Kuanzia tarehe 13 mpaka 17 Septemba 1961, waaskari wa Ireland zaidi ya 150 wa Umoja wa Mataifa, chini ya kamanda Pat Quinlan, walizungukwa na majeshi ya Katanga. Walikuwa katika nyumba na gereji pembeni ya mji, upande wa barabara ya kwenda Élisabethville. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa, lakini risasi na maji ya kunywa viliisha, wakajitoa mikononi mwa Katanga.

Kwa nini hawakuokolewa? Jibu liko Lufira. Wenzao walitoka Élisabethville kuja kuwasaidia, wakafika kwenye daraja, na pale majeshi ya Katanga yaliwazuia. Walijaribu, wakashindwa, wakarudi. Anayeshika Lufira anashika Likasi. Jambo hilo lilionekana mara ya pili mwanzoni mwa mwaka 1963: waaskari wa India wa Umoja wa Mataifa walipofaulu kuvuka mto, waliingia Jadotville tarehe 3 Januari, na siku chache baadaye kujitenga kwa Katanga kukaisha.

Filamu ile ilipigwa Afrika ya Kusini. Ndani yake hutamwona mama wa Kikula aliyelala chini ya kitanda na watoto wake, wala mvuvi wa Kapolowe aliyesikia mabomu pa daraja. Si kosa la Wairlandi. Wao waliandika ya watu wao. Ya kwetu nani ataandika?

Kinachopanda na kinachoshuka

Mwaka 1966 Jadotville ikaitwa tena Likasi, mwaka uleule Élisabethville ikawa Lubumbashi. Jina la Francqui likapotea, Mwadingusha ikarudi. Union Minière ikachukuliwa na serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Majina yakarudi kwetu. Lakini njia ya maji na umeme haikubadilika sana.

Angalia Mwadingusha. Mitambo ilichoka, ikatengenezwa upya, na mwaka 2021 ikarudi kutoa megawati 78, kwa mapatano ya SNEL na kampuni ya Ivanhoe. Umeme ule uliingizwa katika mtandao wa SNEL kwa hesabu ya mgodi wa Kamoa-Kakula, upande wa Kolwezi. Ni kazi nzuri, na mgodi una haki ya kununua umeme. Lakini mwaka 1930 maji ya Kapolowe yaliwasha Shituru, leo yanawasha Kolwezi, na usiku kule Lufira bado unaweza kuona nyaya kubwa zinapita juu ya kijiji chenye mwanga wa mshumaa na simu. Historia hii haijaisha.

Halafu kuna kinachoshuka. Mito midogo ya Likasi, kama Panda na Buluo, inapita karibu na viwanda na kuelekea Lufira, na Lufira inaingia Tshangalele. Mwaka 2009 watafiti wa Iniversite ya Lubumbashi na wenzao wa Leuven walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo wao, kupita kawaida. Mwaka 2010 kazi ingine ya watafiti wa kwetu ilionyesha kwamba metali zimeingia katika viumbe vya bonde la Lufira ya juu, toka mimea mpaka samaki. Kapolowe ilitupa umeme na chakula. Sisi tunairudishia uchafu wa viwanda vyetu. Na kwa kuwa samaki anarudi sokoni kwetu, uchafu unarudi naye.

Sisemi watu waache kula samaki, wala kwamba bamama wanaouza pale barabarani wanafanya ubaya. Wao njo wa kwanza kuumia, juu ziwa njo shamba lao. Ninasema kwamba yule wa kemia, yule wa sheria na yule wa historia wana kazi ya pamoja hapa. Tangu mwaka 1982 bonde la Lufira limeandikwa na UNESCO kama hifadhi ya bayosfia. Cheo kile kingali na maana ikiwa mtu anaenda kupima maji na kuandika anachokuta.

Ukitaka kwenda mwenyewe

Usingoje shirika la watalii. Vuka Lufira kwa mchana, simama pa daraja na ukumbuke 1961. Fika Kapolowe Gare asubuhi, wakati samaki wanatoka ziwani: utaona mitumbwi, nyavu, vikapu, na utajifunza hesabu ya biashara kuliko katika darasa. Nenda Misheni, angalia kanisa, na uulize kwa heshima kama wako wazee walioikuta shule ya Wabenediktini. Kwa Mwadingusha, omba ruhusa mbele, juu pale ni pahali pa umeme na palindwapo. Usipige picha bila kuuliza. Mwenye nguvu ya kuendelea na mto atafika mbali hata kwenye maporomoko ya Kiubo, na upande wa Kundelungu yako ya Lofoi, yanayoanguka zaidi ya meta 300.

Mjini pia, tembea kwa miguu. Panda mpaka Shituru, Shituru mpaka Kikula. Angalia namna nyumba za kambi zinafanana, halafu angalia pale ambapo wenyewe waliongeza chumba, duka, kibaraza. Kila chumba kilichoongezwa kina mwaka wake na sababu yake: mshahara uliokatika, mtoto aliyeoa, jamaa waliokimbia vita. Muulize mwenye nyumba, aliijenga lini na kwa nini.

Chukua daftari. Andika jina la zamani la njia, nani aliishi pale, alifanya kazi gani, alitoka wapi, aliondoka lini. Wankambo walioona Jadotville ikiwa Jadotville wamebaki wachache, na kila msimu tunazika mmoja. Kumbukumbu za Union Minière ziko Ubelgiji, zimepangwa vizuri, na zinasema habari kwa jicho la kampuni. Habari ya mvuvi ambaye baba yake aliona uwanda ukigeuka ziwa haimo katika kabati lile. Iko kichwani mwa mzee mmoja kule Kapolowe, na nauli ya kumfikia unaijua.